Je, wajua kwa nini gololi ya bunduki ya mchezo ya milimita 8 inahitaji masharti makali kuliko ya milimita 6?

Msimu wa maembe ukifika Tabora, mtoto mwenye manati hahitaji kufundishwa fizikia. Anajua kuwa kwa mpira uleule, kijiwe chepesi kinatoka kwa kasi na kupotelea majanini, wakati kokoto nene linakwenda pole zaidi lakini likifika, embe linadondoka. Kasi peke yake haielezi uzito wa pigo. Ajabu ni kwamba watu wazima wakishika bunduki za mchezo husahau jambo hilo, wakaulizana tu, "Yako inatoa kasi gani?"

Mchezo wenyewe unaitwa easofti. Ulianzia Japani miaka ya 1970, nchi ambayo raia wa kawaida hawezi kumiliki bastola, na sasa unachezwa sehemu nyingi duniani. Wachezaji hugawana timu mbili na kuigiza mapambano kwa bunduki zinazorusha gololi za plastiki kwa nguvu ya springi, gesi au mota ya betri. Gololi ya kawaida huitwa ya mm 6, ingawa ukiipima kwa kalipa ni mm 5.95 hivi, maana lazima ipite kwenye mtutu wenye upana wa ndani wa mm 6.03 hadi 6.08. Iko pia familia ndogo ya bunduki za mm 8, nyingi zikiwa bastola na bunduki ndefu za kampuni ya Kijapani ya Marushin. Hizo ndizo tunazozungumzia hapa.

Kwa msomaji wa Tanzania, jambo moja kabla ya hesabu. Tuna sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, na kitu kinachofanana na bunduki halisi hakiagizwi kama unavyoagiza simu. Muulize mkuu wa polisi wa wilaya kabla hujalipia mzigo, si ukiwa umeshafika bandarini. Na zile nguo za mabaka zinazovaliwa na wachezaji wa Ulaya ziache hukohuko: kwetu raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo ni kosa, na mwaka 2023 JWTZ ilitoa siku saba watu wazisalimishe. Ovaroli ya buluu na kitambaa cha rangi begani vinatosha kabisa kutofautisha timu.

Sasa hesabu. Nguvu ya pigo hupimwa kwa jouli, na njia ya mkato ni hii: uzito wa gololi kwa gramu, zidisha kwa kasi (mita kwa sekunde), zidisha tena kwa kasi hiyohiyo, gawanya kwa 2,000. Gololi ya mm 6 yenye gramu 0.20 ikitoka kwa mita 100 kwa sekunde ina jouli 1 kamili. Ya mm 8, gramu 0.34, kwa kasi ileile, ina jouli 1.7. Ya mm 8 nzito zaidi, gramu 0.45, inafika 2.25. Kwenye kioo cha kipima-kasi bunduki zote tatu zinaonyesha 100, na mwamuzi anayeangalia kasi tu atazipitisha zote.

Tatizo la pili limejificha zaidi. Katika bunduki ya gesi, gololi nzito inakaa kidogo zaidi ndani ya mtutu, na muda wote huo gesi inaendelea kuisukuma. Chukua bunduki moja ya mm 8 inayotoa gramu 0.34 kwa mita 95 kwa sekunde: hiyo ni jouli 1.53. Badilisha uweke gramu 0.45, na tuseme kasi inashuka hadi 86. Mwenye bunduki atasema imepungua nguvu. Fanya hesabu: jouli 1.66. Kasi imeshuka, pigo limepanda. Ndiyo maana kupima kwa gololi nyepesi kisha kuingia uwanjani na nzito ni udanganyifu, hata kama aliyefanya hivyo hakukusudia.

Gololi nzito pia haichoki haraka njiani. Kinachoipunguza kasi ni upana wake ukilinganishwa na uzito. Kwa makadirio, ile ya gramu 0.34 inapoteza nusu ya kasi ndani ya mita 20 hivi, na kasi ikiwa nusu, jouli zinabaki robo. Kwa hiyo kwenye mita 20 zile jouli 1.53 zimekuwa kama 0.4. Ya gramu 0.45 bado ina karibu 0.6. Na Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo gololi inasafiri mbali kidogo kuliko maelezo ya mtu aliyepimia pwani.

Nchi zenye sheria za mchezo huu zimelishika jambo hili kwa njia mbili. Japani, tangu mwaka 2006, inapima jouli kwa eneo la gololi: mwisho ni jouli 3.5 kwa sentimita moja ya mraba. Kwa mm 6 inaangukia chini kidogo ya jouli 1, na kwa mm 8 inazidi jouli 1.5, kwa sababu gololi nene inasambaza pigo kwenye ngozi pana zaidi. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2017, haikujali eneo. Ilisema gololi iwe ya plastiki, isizidi mm 8, na bunduki isizidi jouli 1.3 kama inamimina mfululizo, au 2.5 kama inatoa moja moja. Hesabu ya Kijapani ni nzuri kwa ngozi ya mgongo au paja. Ila jino halijui habari za eneo. Linapokea jouli zote na kuvunjika.

Upimaji uwanjani uwe na meza yake, pembeni, mitutu ikielekea gunia la mchanga, na kila aliye karibu awe amevaa miwani. Mchezaji aje na gololi atakazochezea, si za kuazima. Mwamuzi apime gololi kumi kwa mizani ndogo ya sonara na kugawanya kwa kumi, kwa sababu lebo za pakiti za bei rahisi huwa haziaminiki na gololi moja ni ndogo mno kwa mizani nyingi. Kipira cha hopu-apu, kile kinachoisugua gololi kwa juu ili izunguke kinyumenyume na kuelea, kiwe kimerekebishwa kama kitakavyotumika mchezoni. Piga tano kwenye kipima-kasi. Andika ile ya juu kabisa, usiandike wastani: anayepigwa hapigwi na wastani. Karatasi iwe na jina, kipenyo, uzito, kasi na jouli. Iwekwe, itahitajika.

Kisha bunduki zipimwe tena saa sita mchana. Hili wengi hulipuuza, na kwa jua la Oktoba la Tabora ni kosa kubwa. Gesi ya propeni ikiwa na joto la nyuzi 20, kama asubuhi ya saa moja, ina mgandamizo wa baa 8 hivi. Ikifika nyuzi 30 inakaribia baa 11. Magazini ya chuma, yaani chemba inayobeba gololi na gesi, ikiachwa juani juu ya boneti inapita hapo. Bunduki iliyopimwa asubuhi ikapata jouli 1.5 inaweza kuwa nyingine kabisa baada ya chai. Magazini zikae kivulini, ndani ya mfuko wa kitambaa, na anayekataa kupimwa mara ya pili akae nje.

Kuhusu umbali, viwanja vingi vya Uingereza hutaka mwenye bunduki ya jouli zaidi ya mbili asimpige mtu aliye karibu kuliko mita 30. Kwa mm 8 ushauri wetu ni huu: hadi jouli 1.3, mita 10. Juu ya hapo hadi 1.7, mita 20. Juu ya hapo, mita 30, moja moja tu, na mwenye bunduki awe na bastola dhaifu ya mm 6 kwa walio karibu. Mita 30 usizikisie kwa macho. Kabla ya mchezo, pima kwa kamba na ufunge utepe mwekundu kwenye mti, kila mshika bunduki kubwa asimame pale na kumtazama mtu aliye upande wa pili. Wengi hushangaa jinsi ilivyo mbali. Mipaka ya nje iwe angalau mita 100 kutoka njia ya miguu yoyote. Pori la miombo linaonekana tupu mpaka mrina asali au mama wa kuni atokeze. Wekeni watu wawili kwenye njia hizo, wenye filimbi, na filimbi ikilia mitutu yote inashuka.

Jicho ndilo linalostahili maneno mengi zaidi. Tundu la mifupa linalolizunguka lina upana wa sentimita nne hivi, kwa hiyo mpira wa tenisi unagonga mfupa kwanza. Gololi ya mm 6 au 8 inaingia moja kwa moja bila kugusa kitu. Ile jouli 1 inayoacha alama nyekundu mkononi inatosha kuvilisha damu ndani ya jicho au kulipofusha.

Usikubali neno "miwani ya usalama" bila kusoma alama. Kiwango cha zamani cha Ulaya cha EN 166, ambacho alama zake bado utazikuta kwenye miwani, kilijaribu miwani kwa gololi ya chuma ya mm 6 yenye gramu 0.86. Alama F maana yake imestahimili mita 45 kwa sekunde. Alama B, mita 120. Alama A, ambayo hupewa ngao za uso tu, mita 190. Tumia kanuni yetu ya juu: F ni jouli 0.87, B ni 6.2, A ni 15.5. Basi ile miwani myepesi ya fundi wa kuchomelea au ya maabara yenye F iko chini hata ya bunduki ya kawaida ya jouli 1, sembuse ya mm 8. Hakikisha B, kwenye kioo na kwenye fremu pia, kwa maana kioo kizuri ndani ya fremu dhaifu husukumwa kizimakizima hadi usoni. Iwe imefunga pande zote, na mkanda wa kuzunguka kichwa. Miwani ya nyavu za chuma tusiikubali kwa mm 8: gololi haipiti, lakini vipande vya gololi iliyopasuka vinapita.

Kioo cha polikaboneti, ile plastiki ngumu ya miwani, kina maadui wasiotarajiwa. Petroli, tina ya rangi, na hata dawa ya mbu yenye DEET hukitia nyufa nyembamba usizoziona. Jipake dawa, nawa mikono kwa sabuni, ndipo ushike miwani. Ikishapigwa kwa karibu, au ukiona wingu jeupe pembeni, itupe. Ukungu ukiingia, nyoosha mkono juu, utoke uwanjani mpaka eneo salama, ndipo uvue. Aliyenyanyua miwani "kidogo tu" ndiye anayepelekwa hospitali. Meno nayo yafunikwe kwa barakoa ngumu inayofika kidevuni.

Halafu kuna gololi za baiskeli. Tabora haikosi baiskeli, na gololi za haba, yaani kitovu cha gurudumu, zinauzwa kwa kila fundi. Ya haba ya nyuma kwa kawaida ni mm 6.35: haiingii kwenye mtutu wa mm 6, lakini wa mm 8 inaumeza. Ya mbele, mm 4.76, inapita hata kwenye mtutu wa mm 6. Chuma hakipasuki wala kubonyea, na nguvu zote zinaishia kwenye kioo au mfupa. Anayekutwa nazo kwenye magazini aondoke siku hiyohiyo, bila mjadala. Kosa jingine ni kutia gololi ya mm 6 kwenye bunduki ya mm 8: gesi inavuja pembeni, gololi inaweza kukwama, mwenye bunduki anageuza mtutu achungulie. Toa magazini kwanza, elekeza mchangani, fyatua, kisha sukuma kwa ufito kutoka mbele.

Vile vizinduzi vinene vya mm 40, yaani mitutu mipana ya kurushia ganda lililojaa gololi, vinatisha kuliko vinavyouma, maana ganda lake hurusha makumi ya gololi za mm 6 kwa mpigo na nguvu inagawanyika. Kusilengwe kichwa, kusitumike ndani ya nyumba, na ganda lisijazwe kitu kingine chochote.

Mtu akipigwa jichoni licha ya yote hayo, asilisugue na msilioshe. Lifunikeni kwa kitako cha kikombe cha karatasi kilichobandikwa plasta kwenye mfupa wa nyusi na shavu, kisiguse jicho lenyewe. Akae wima, kichwa juu, asilale chali. Kwa maumivu apewe parasetamoli. Aspirini na ibuprofeni huongeza kutokwa na damu. Hata kama anasema anaona vizuri, apelekwe Hospitali ya Kitete siku hiyohiyo, na ile karatasi ya meza ya vipimo iende naye, ili daktari ajue ni gololi ya kipenyo gani, ya gramu ngapi, na ilitoka kwa jouli ngapi.