"Up" si "juu" tu

Amri ya kwanza ya Kiingereza ambayo wengi wetu tuliitii kabla ya kuielewa ni "stand up". Mwalimu kaingia, darasa zima wima. Akisema "sit down", tunakaa. Tukafunga hesabu hapo: "up" ni juu, "down" ni chini. Hesabu hiyo imetusumbua hadi ukubwani.

Dhana: "Up" maana yake ni juu.

Mara nyingine, ndiyo. Lakini mzazi wa Kiingereza anayemwambia mtoto "eat up" hamwambii apande popote. Anamtaka amalize chakula. "Use up" ni kutumia mpaka kitu kiishe, "tear up" ni kuchanachana, "time is up" ni muda umekwisha. Kazi hii ya kukamilisha tendo sisi huifanya ndani ya kitenzi chenyewe: kuchana si kuchanachana, na kutupa si sawa na kutupilia mbali. Ndiyo maana anayetafuta "juu" ndani ya "shut up" atatafuta sana. Halafu kuna "make up", ambayo peke yake ni kujipodoa, kutunga uongo, kupatana baada ya ugomvi, au kufidia kipindi ulichokikosa. Hapo kamusi ndogo ya mfukoni haikusaidii. Inabidi usikilize sentensi nzima.

Dhana: "Down" ni kinyume chake siku zote.

Nyumba ikiteketea Waingereza husema "burn down", na karatasi zilizokuwamo ndani "burn up". Zote ni majivu. Dereva akiambiwa "slow down" au "slow up", atapunguza mwendo vilevile.

Dhana: "Up" ni kaskazini, kwa sababu ya ramani.

"Up north" husemwa, ni kweli. Ila katika reli za Uingereza, upande wa kwenda London ndio huitwa "up", hata kwa treni inayotoka York, mji ulio kaskazini ya London. Mwanafunzi naye "goes up" kwenda Oxford, na akifukuzwa husemwa "sent down", hata kama kwao ni mlimani. Hapo urefu unaopimwa ni wa hadhi. Misri ya Juu, kwa upande wake, iko kusini ya nchi, kwa kuwa Nile hutiririka kuelekea kaskazini na juu ni kule maji yanakotoka.

Dhana: Ukiiongeza au ukiiacha, hakiharibiki kitu.

Afrika Mashariki "cope up with" husikika maofisini na redioni. Kiingereza sanifu kinasema "cope with" tu. Hiyo "up" inaelekea imehamia kutoka "keep up with". Nairobi nako wameiondoa mahali inapotakiwa: "he is not picking my calls", badala ya "picking up". Binafsi sioni dhambi, maana aliyepigiwa anaelewa. Kwenye mtihani au barua ya kuomba kazi, hata hivyo, inakugharimu.

Dhana: Hakuna neno la Kiingereza lenye maana nyingi kuliko "up".

Yapo. Katika toleo la 1989 la kamusi kubwa ya Oxford, kitenzi "set" kilikuwa na maana zipatazo 430. Baadaye "run" ikakipita: mhariri wa kamusi hiyo, Peter Gilliver, alikaa na "run" miezi tisa, akatoka na maana 645, na hizo ni za kitenzi peke yake.

Dhana: Kiswahili hakina vurugu kama hizi.

Mwulize mgeni aliyefundishwa kwamba kupiga ni kutia kofi, kisha akasikia tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga chafya. Tena "up" yenyewe tumeshaimeza bila kutafuna: tunapaka mekapu, tunakwenda chekapu, tunapakia mizigo kwenye pikapu. Na "juu" yetu nayo ina safari zake. Mtu akikuambia "uamuzi ni juu yako", amesema kile kile Mwingereza anachosema kwa "it's up to you", na hakuna aliyeinua kichwa kutazama dari. Nairobi wamekwenda mbali zaidi: "Nimechelewa juu ya jam", yaani kwa sababu ya msongamano wa magari. Hakuna aliyekuwa juu ya kitu chochote, labda kiti cha matatu.