Redio za ham kwa madereva wa porini Dodoma: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukitoka Dodoma mjini kwenda Kondoa siku hizi unateleza juu ya lami. Kazi inaanza ukiiacha hiyo lami: kushuka kwenye mbuga za Bahi wakati wa masika, udongo mweusi unapong'ang'ania tairi, au kuzunguka vilima vya Mpwapwa kwa kufuata njia ya ng'ombe. Huko simu inakosa mtandao, na magari mawili yaliyopotezana nyuma ya kilima kimoja yanaweza kutafutana mpaka jua lizame. Ndiyo maana wenye magari ya 4x4 wanaulizia redio za mkononi za ham, yaani redio za ridhaa, na mimi naifurahia hamu hiyo. Ninachohofia ni maneno yanayozunguka gereji, kwa sababu mengine yanamtia mtu hatiani, na mengine yanampeleka porini akiamini ana mawasiliano wakati hana.

"Nimeinunua kwa hela yangu, naitumia nitakavyo"

Redio ni yako, masafa, yaani namba za mawimbi inayorushia, si yako. Masafa ni mali ya umma inayosimamiwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na kurusha mawimbi bila leseni ni kosa. Hili si urasimu mtupu. Chukua Baofeng UV-5R, redio ndogo ambayo wengi huanza nayo. Inaweza kurusha kuanzia megahezi 136 hadi 174, kisha 400 hadi 520. Ndani ya upana wote huo, sehemu za ridhaa ni 144 hadi 146 na 430 hadi 440 tu. Zilizobaki zina wenyewe, na baadhi yao wanazitegemea kuokoa watu. Redio haitakuonya. Ukiandika namba yoyote na kubonyeza kitufe, inarusha.

Mtego unaowanasa wengi unatoka kwenye video za Wamarekani. Utamsikia mtu anasema weka 146.520, ndipo wote tunapoitana. Kwao ni sawa, maana bendi yao, yaani kipande cha masafa walichotengewa, inafika 148. Tanzania ipo Kanda ya 1 ya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, pamoja na Afrika yote na Ulaya, na huku bendi hiyo inaishia 146. Ukifuata video hiyo umeshatoka nje ya bendi kabla hujasema neno. Masafa ya kuitana katika kanda yetu ni 145.500.

TCRA ina ofisi ya Kanda ya Kati hapa hapa Dodoma. Pita hapo kabla ya kununua, uulize mambo mawili: masharti ya sasa ya leseni ya redio ya ridhaa, na kama aina ya redio unayoitaka imeidhinishwa kutumika nchini. Mwenye leseni hupewa alama ya wito, yaani jina lake la hewani, na za kwetu huanza na 5H. Alama hiyo utaitamka kila unapokwenda hewani, na baada ya muda watu watakufahamu kwayo kama wanavyoifahamu namba ya gari lako.

"Mmoja akiwa na leseni, msafara wote umepona"

Leseni ya ridhaa inamhusu mtu aliyepewa. Magari matano yenye madereva watano wanaotaka kuongea yanahitaji watu watano wenye leseni. Na hapa niwaombe sikio kaka na dada zangu mnaopeleka wageni kuona michoro ya miambani kule Kolo, au mnaovuka kwenda Ruaha. Huduma ya redio ya ridhaa, kwa maana iliyowekwa na ITU, ni ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya majaribio ya kiufundi bila maslahi ya fedha. Kuelekeza magari ya wateja wanaolipa si ridhaa. Kwa kazi hiyo kuna leseni za redio koli za kampuni, zenye masafa yake, na dereva wa kampuni hatakiwi kufanya mtihani wowote wa ham. Kwa shughuli ya kulipwa hiyo ndiyo njia sahihi, na mara nyingi ni rahisi zaidi kwa kila mtu.

"Tafuta yenye wati nyingi, itafika mbali"

Hili ndilo linalopoteza hela za watu kuliko mengine yote.

Mawimbi ya redio hizi husafiri karibu kama macho yanavyoona. Mtu aliyesimama chini, redio ikiwa mita moja na nusu kutoka ardhini, upeo wake kwenye tambarare ni kama kilomita 5. Mwenzake naye ana 5 zake, kwa hiyo wakitengana zaidi ya kilomita 10 mzingo wa dunia wenyewe unaingia kati, hata kama hakuna kilima wala kichaka. Sasa mmoja apande ukingoni, mita 100 juu ya bonde. Upeo wake peke yake unakuwa kilomita 41 hivi. Redio ni ileile na betri ni ileile, kilichobadilika ni pale aliposimama. Anayeujua ule ukingo wa Bonde la Ufa pale Kilimatinde, ambapo ardhi inaporomoka kuelekea Bahi, ameshaelewa ninachosema.

Wati je? Zinasaidia, lakini kwa ubahili. Ili kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye redio ya upande wa pili kipande alama moja tu, lazima uzidishe nguvu mara nne, kutoka wati 5 hadi 20. Na kilima hakijali. Wati 5 zilizoona njia zitapita, na wati 50 zilizoegemea mwamba zitabaki hapo hapo.

Halafu kuna gari lenyewe. Bodi ni bati, na ukiongea umekaa ndani, mawimbi yanatokea madirishani kwa kubana. Siku moja tulitengana na wenzetu upande wa Bahi, kilomita 3 au 4 hazizidi. Nikiwa kwenye kiti nilisikia mikwaruzo tu. Nilipopanda juu ya keria na kunyoosha mkono, sauti ya mwenzangu ikaja safi kama amekaa pembeni yangu. Tangu hapo fedha ya kwanza ninayomshauri mtu atumie baada ya redio ni antena ya sumaku ya juu ya paa. Kwa bendi ya 144 inakuwa na urefu wa karibu sentimita 50, robo ya urefu wa wimbi. Angalia tu kichwa cha waya kama kinaingia kwenye redio yako, kwa sababu Baofeng ina pini pale ambapo redio nyingine zina tundu.

Mengine yaende haraka. Morse, zile herufi za nukta na vistari, ni lazima uijue? Tangu mwaka 2003 kanuni za kimataifa haziilazimishi tena. Usiri? Haupo, mazungumzo ya ridhaa yako wazi kwa kila mwenye redio, na kuficha maana kwa msimbo kumekatazwa. Leseni ya nje, kwa mgeni aliyekuja kutembea? Aombe kibali cha hapa kwanza.

"Mimi naiweka ya dharura tu, leseni ya nini?"

Ni kweli kanuni za ITU hazimzuii aliye hatarini kutumia chombo chochote cha mawasiliano alicho nacho kuomba msaada. Lakini aliyeifungia redio kwenye dashibodi miezi minane hajui nani anasikiliza wapi, betri imelala, na hana mtu aliyekubaliana naye kuwa saa kumi na mbili jioni tutaitana. Mtandao wa simu ukiwepo, 112 itakufaa kuliko redio hiyo. Redio inaokoa pale ambapo kuna watu upande wa pili wanaokujua, na watu hao unawapata kwa kuitumia kihalali siku za kawaida.

"Kuna nini cha kujifunza? Bonyeza, ongea"

Redio nyingi huchukua sehemu ya sekunde kuamka baada ya kubonyezwa kitufe. Anayebonyeza na kuongea papo hapo anakatwa silabi za mwanzo. Kwa Kiswahili chetu hiyo ni hatari, kwa sababu makatazo yetu yanakaa mwanzoni mwa neno.

Niliwahi kuwa kwenye msafara mmoja wenye redio koli za kampuni, zenye leseni zake. Tulifika korongo lililokuwa limeanza kujaa. Aliyetangulia kwa miguu kupima kina akasema, "Msivuke." Sisi tuliokuwa nyuma tukasikia "vuke." Dereva wa gari la pili akatia gia ya kwanza na kuanza kushuka, matairi ya mbele yakagusa maji, mpaka yule wa kule ng'ambo akaanza kupunga shati.

Sasa nikibonyeza nahesabu moja kimoyomoyo kabla ya kufungua mdomo. Na "msivuke" siisemi tena hewani. Nasema "simama", narudia "simama", kisha nasubiri kila gari linijibu.