Mtoeni Huyo Mwenye Bahasha

Wiki hii nimeletewa tena igizo la tashtiti ambamo mtetezi wa kampuni ya sigara anaingia na bahasha ya kaki, anacheka peke yake, kisha anawatangazia watazamaji kwamba anakula roho za watu. Ni la tano mwaka huu. Ninafundisha uigizaji hapa Bagamoyo, na shetani huyu mwenye pembe amenichosha.

Maleba na mwanga tutavipanga mazoezini. Tatizo ni kinywa chake. Mtu anayelipwa kuitetea tumbaku hana haja ya uongo wa waziwazi. Tarehe 4 Januari 1954 kampuni za sigara za Marekani zilitoa tangazo katika magazeti zaidi ya 400, zikisaidiwa na kampuni ya uhusiano wa umma ya Hill & Knowlton. Lisomeni vizuri, vijana wangu. Halikusema sigara ni dawa. Lilisema watafiti hawajakubaliana kuhusu chanzo cha saratani ya mapafu, kwamba afya ya wateja inatangulia mengine yote, na kwamba wenye kampuni watagharimia utafiti. Nani azomee utafiti? Mwaka 1969 waraka wa ndani wa kampuni mojawapo ukalitaja jambo lenyewe: shaka ndiyo bidhaa yetu. Panya huuma huku akipuliza. Ninyi mnaniletea meno matupu, pumzi hakuna.

Jumamosi nilimnyang'anya kijana mmoja bahasha, pamoja na kile kicheko. Nikampa glasi ya maji na picha ya mkulima wa tumbaku wa Urambo.

"Sasa nifanye nini, mwalimu?"

Nikamwambia aketi, anywe funda moja, aitazame picha bila haraka, kisha aulize kwa upole: "Ada ya watoto wa mzee huyu atalipa nani?"

Mama muuza samaki, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo yake, akaitikia, "Kweli jamani." Mara akashtuka, akaziba mdomo kwa upindo wa kanga. Nilitaka hicho tu. Hakuna aliyemwambia kwamba yule mtu ni mbaya. Amejisikia mwenyewe akimkubali.

Kanuni yangu ina tundu, nalo silifichi. Aprili 1994 wakuu saba wa kampuni za sigara walikula kiapo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, kila mmoja akasema anaamini nikotini haileti uraibu. Mwaka 2006 mahakama ya huko ikaamua kwamba kampuni hizo zimeulaghai umma kwa miaka mingi. Kwa hiyo uongo mkavu ulikuwapo, tena hadharani, na mwanafunzi akinibishia kwa mfano huo nitampa haki yake. Lakini hata siku ile hakuna aliyecheka wala kubeba bahasha. Walisema "naamini", wakiwa wamefunga tai.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Kijana akiigiza vizuri mno, watu hutoka wamempenda. Mazoezi yalipokwisha, yule mama alimfuata, akampa mkono, akamwambia, "Una maneno matamu, mwanangu." Mpaka leo sijajua kama alimsifu au alimwonya.