Kuzama Ndani ya Mchoro: Dhana Potofu na Ukweli

Mwezi wa saba, barazani kwetu Mikindani, mpwa wangu wa miaka sita alikuwa akichora mashua iliyokumbwa na kusi. Alikuwa akivuma kwa mdomo, na kila wimbi lilivyozidi kupanda ndivyo alivyozidi kuikandamiza penseli, hadi karatasi ikatoboka karibu na usukani. Jirani aliyekuwa akipita alisimama, akauliza kwa sauti ya chini: “Mwalimu, huyu mtoto hana jambo kweli?”

Dhana: Mtoto anayesema peke yake huku akichora ana kasoro, au anapoteza muda.

Ukweli: Maneno yale ni sehemu ya kazi yenyewe. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba mtoto mdogo huchora kwanza ndipo aipe picha jina. Akikua kidogo huitaja akiwa katikati ya kuchora, na mwishowe huitangaza kabla hajaanza, kwa kuwa usemi umeshatangulia kazi na kuwa mpango wake. Alisimulia pia habari za mtoto wa miaka mitano na nusu aliyekuwa akichora tramu, yaani gari la abiria linalopita kwenye reli za barabarani, penseli ikamvunjikia mkononi; mtoto akanong’ona, “Imevunjika,” akachukua rangi za maji, akachora tramu iliyoharibika kwa ajali. Nilimkumbuka mtoto huyo pale mpwa wangu alipolitazama lile tundu, akasema, “Maji yanaingia,” kisha akamchora baharia anayefua maji ngamani kwa kopo. Kwangu mimi, huko ndiko kuzama kwenyewe: kilichotokea karatasini kimekuwa kisa, na kisa kikauongoza mkono.

Dhana: Asiyeiona picha kichwani kwanza hawezi kuzama ndani yake.

Ukweli: Wapo watu wasioona taswira yoyote akilini, hali ambayo mwaka 2015 daktari Adam Zeman wa Uingereza na wenzake waliipa jina la afantazia. Mmoja wao ni Glen Keane, aliyekuwa msanii wa filamu za katuni wa Disney na aliyesimamia uchoraji wa nguva Ariel katika filamu ya mwaka 1989. Kwake umbo hupatikana karatasini, mstari baada ya mstari.

Dhana: Aliyezama amepagawa, hajui afanyalo.

Ukweli: Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi aliwachunguza wanafunzi wa sanaa mjini Chicago, akaona wakisahau njaa na uchovu wakati wa kazi. Baadaye alieleza kwamba hali hiyo huja pale ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wa mtu, naye akawa anaona papo hapo matokeo ya kila anachofanya. Kwa hiyo akili haikupotea, bali imekusanyika yote mahali pamoja. Mchongaji wa Kimakonde aliyeinamia gogo la mpingo anaweza asiisikie salamu yako, lakini patasi yake haiendi ovyo.

Dhana: Anayeitelekeza picha iliyokwisha hakuipenda.

Ukweli: Wachoraji wale wa Chicago nao waliziacha picha zao mara tu zilipokamilika, kilichowavuta kilikuwa kule kuchora. Mpwa wangu aliitwa mara tatu kwenda kula, akaja baada ya baharia wake kufika pwani, na karatasi akaiacha palepale barazani.