Anaimba Kiingereza, lakini anakijua?

Dhana: Mtoto akiimba wimbo wote bila kukosea, Kiingereza kimeingia.

Kimeingia ulimini tu. Chukua wimbo wa alfabeti unaoimbwa kila chekechea, wenye tuni ya zamani ya Kifaransa. Ukifika L, M, N, O, mwendo unaongezeka ghafla, na mtoto anazitoa pamoja na P kwa mkupuo mmoja: "elemenopi". Mwandikie M peke yake ubaoni umwulize ni herufi gani, utaona midomo ikianza kuimba kimyakimya toka A ili aifikie. Dawa ni kuuvuruga wimbo. Anzia katikati, simama ghafla, onyesha herufi kwa kidole, wamalizie wao.

Kwa wakubwa kidogo, vuruga maneno. Wimbo wa kunawa mikono wakishauzoea, anayenawa awe "she", ili "wash" igeuke "washes". Siku inayofuata tia "yesterday". Watajikwaa palepale penye sarufi, na hapo una kazi ya kufanya. Wimbo usiovurugwa ni burudani, si somo.

Dhana: Nyimbo ni za watoto wadogo.

Watafiti Ludke, Ferreira na Overy wa Edinburgh, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, waliwafundisha watu wazima 60 sentensi fupi za Kihungari. Kundi moja lilisema, jingine lilisema kwa mdundo, la tatu liliimba. Walioimba waliwazidi wenzao, hasa walipotakiwa kutamka Kihungari wenyewe. Kwa hiyo kidato cha kwanza, ambao Tanzania wengi wametoka shule za msingi za Kiswahili na kukuta karibu kila somo ni kwa Kiingereza, wanastahili kuimba pia. Ila usiwape wimbo wa chekechea. Watanuna, na watakuwa na haki.

Dhana: Aliyeimba ni Mmarekani, basi sarufi yake ni sahihi.

Waimbaji huandika "she don't" na "ain't" bila wasiwasi wowote, kwa sababu ndivyo watu wao wanavyoongea. Kwenye mtihani wa taifa ni kosa. Waache wanafunzi wayawinde makosa hayo wenyewe. Wanapenda sana kumsahihisha mtu maarufu.

Dhana: Bila spika na umeme haiwezekani.

Carolyn Graham, mwalimu wa New York, alichapisha mwaka 1978 mazoezi ya Kiingereza yanayofuata mdundo wa jazi. Makofi yanatosha. Kwetu yana faida ya pekee: Mswahili hupenda kumalizia neno kwa irabu, "desk" ikawa "deski", "milk" ikawa "miliki". Mkipiga makofi kwa kasi ya kutosha, irabu hiyo inakosa pa kukaa. Darasa la wanafunzi themanini, linalotutesa kwa mengine yote, hapa linapiga makofi vizuri kuliko la ishirini. Mwalimu wa chumba cha pili mtaarifu mapema.