Utando mweupe wa mtoto mchanga si uchafu

Hapa Moshi bado nasikia bibi akimwambia mkwewe, mbele ya wageni walioleta mtori: "Mtoto katoka na utando kwa sababu hamkuacha tendo la ndoa." Mzazi anainamisha kichwa, anaona aibu ya bure. Si kweli hata kidogo! Utando ule, laini kama siagi, umetengenezwa na ngozi ya mtoto mwenyewe akiwa tumboni: mafuta, chembe za ngozi zilizobanduka, na maji takriban asilimia 80. Unamlinda ngozi isikauke. Jamani, msiukwangue kwa dodoki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe mpaka saa 24 zipite. Kwa baridi yetu ya Julai, mkausheni tu, mumlaze kifuani kwa mama, kofia kichwani.