Kuwinda koyoti majira ya baridi: maana yake na sababu zake

Kuwinda koyoti wakati wa baridi ni kazi kwa mfugaji, biashara kwa muuza ngozi, na mchezo kwa wengine wengi. Hufanyika Marekani na Kanada, hasa kwenye nyanda za Montana, Wyoming, Dakota Kaskazini na Kusini, Nebraska, Kansas, Alberta na Saskatchewan, kuanzia Novemba hadi mapema Machi. Mwindaji hujificha mahali alipopachagua, huita kwa sauti ya sungura anayelia au ya koyoti mwingine, na kusubiri mnyama aje mwenyewe. Wapo wanaotumia mbwa wa mbio, mitego na hata ndege ndogo, lakini mtu akisema anakwenda kuwinda koyoti, mara nyingi ana maana ya kuita.

Koyoti ni wa jamii ya mbwa. Aliyewahi kumwona mbweha wa mgongo mweusi Serengeti ana pa kuanzia, ila koyoti ni mkubwa kuliko huyo: magharibi ana kilo 9 hadi 15 hivi, na wa mashariki hufika 20. Anakula panya, sungura, mizoga, matunda na, akipata nafasi, wanakondoo. Zamani alikuwa mnyama wa nyanda na majangwa ya magharibi. Mbwa mwitu wa kijivu (gray wolf kwa Kiingereza, si mbwa mwitu wa Afrika) walipoangamizwa, alisambaa. Leo yuko kila jimbo la Marekani isipokuwa Hawaii, kusini ameingia Panama, na Chicago anazaa ndani ya jiji.

Majimbo mengi yanamhesabu kuwa mnyama mharibifu, kwa hiyo hana msimu uliofungwa wala kikomo cha idadi. Kwa msomaji wa Kenya, ambako uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, jambo hili ni geni kabisa. Na kama mtu anaruhusiwa kumwinda Julai akiwa na shati moja, kwa nini asubiri nyuzi 20 chini ya sifuri?

Kwa nini baridi

Sababu ya kwanza ni ngozi. Koyoti humaliza kubadili manyoya mwishoni mwa vuli, na kwenye majimbo ya kaskazini ngozi hukomaa kati ya mwisho wa Novemba na mwisho wa Januari. Anayechuna huliona hilo upande wa ndani: ngozi changa ina rangi ya bluu iliyoiva, kwa sababu rangi ya nywele zinazoota bado imo ndani ya ngozi yenyewe. Iliyokomaa ni nyeupe kama maziwa. Kuanzia Februari nywele ndefu za juu huanza kukatika mabegani na kiunoni, na ngozi yenye vipara hivyo hushuka bei hata kama kwa mbali inapendeza.

Sababu ya pili ni njaa. Panya wako chini ya theluji, wadudu na matunda hakuna, na mwili unaunguza chakula kingi ili upate joto. Koyoti ambaye Septemba angepuuza kilio cha sungura, Januari anakikimbilia. Kundi linaloitikia zaidi ni la vijana waliozaliwa masika iliyopita. Kati ya Oktoba na Januari wengi wao wanaacha eneo la wazazi na kutangatanga, na hawajajifunza kuogopa sauti inayotoka kichakani.

Kisha kuna kupandana, ambako huanza Januari na kufika kilele Februari. Mimba hukaa siku 63 hivi, na watoto, kwa kawaida wanne hadi saba, huzaliwa Aprili na Mei. Wakati wa kupandana jozi hulinda eneo lake kwa ukali, na mlio wa koyoti mgeni huwaleta hata walioshiba. Ndiyo maana mwindaji mzoefu hubadili sauti kadiri msimu unavyokwenda: Desemba sungura, Februari milio ya koyoti wenyewe.

La mwisho ni theluji. Inaonyesha nyayo za usiku uliopita, inamfanya mnyama wa kijivu aonekane akiwa nusu kilomita, na mashamba yaliyovunwa hayana mazao ya kukanyaga, jambo linalomrahisishia mwenye shamba kusema ndiyo unapomwomba ruhusa.

Sababu za watu, na zipi zina uzito

Fedha za ngozi zilikuwa sababu kubwa mpaka hivi karibuni. Kofia za makoti ya baridi zilipambwa kwa manyoya ya koyoti, na ngozi nene ya rangi ya mpauko kutoka magharibi ilipanda bei sana katika miaka ya 2010. Kisha, mwaka 2021, kampuni ya makoti ya Canada Goose ilitangaza kuwa itaacha kununua manyoya mwisho wa mwaka huo na kuacha kuyashona mwisho wa 2022. Soko lilianguka. Leo katika sehemu nyingi ngozi hailipi mafuta ya gari.

Sababu ya mfugaji ni nzito zaidi, kwa kuwa miongoni mwa wanyama wawindao, hakuna anayeua kondoo wengi Marekani kuliko koyoti. Hapa lakini hesabu ya majira inahitaji uangalifu. Wanakondoo huuawa zaidi masika na kiangazi, koyoti wanapolisha watoto. Risasi ya Desemba inasaidia tu ikiwapata wale wanaomiliki eneo ambalo kondoo watapelekwa. Utafiti wa Utah na Idaho uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa kuwinda kwa ndege wakati wa baridi juu ya malisho ya milimani kulipunguza vifo vya wanakondoo kiangazi kilichofuata. Kilichofanya kazi ni mahali na wakati: malisho yale yale, miezi michache kabla ya kondoo kufika.

Kuua huku na kule ili "kuwapunguza" ni jambo jingine, na naliona kuwa ndiyo sababu dhaifu kuliko zote zinazotajwa. Mwaka 1975 watafiti wa California walikokotoa kwamba ungelazimika kuua asilimia 75 ya koyoti kila mwaka, kwa miaka zaidi ya 50, ndipo uwamalize. Wakipungua, chakula kinaongezeka kwa waliobaki, majike wanaanza kuzaa wakiwa wadogo na kwa wingi, na vijana wa jirani wanaingia eneo lililo wazi ndani ya wiki chache. Serikali ya Marekani yenyewe imeua makumi ya maelfu kila mwaka kwa miongo mingi, na koyoti wameenea kuliko walivyokuwa ilipoanza.

Wawindaji wa kulungu wana hoja yao. Koyoti hula watoto wa kulungu, na South Carolina, katika eneo la Savannah River Site, watafiti waliwakuta ndio chanzo kikubwa cha vifo vya watoto hao. Walipowaondoa koyoti kwa miaka mitatu, ahueni ilikuwa ndogo na haikulingana mwaka hadi mwaka. Hata hivyo Utah, tangu sheria ya mwaka 2012, hulipa dola 50 kwa kila koyoti kwa ajili ya kuwalinda kulungu wake.

Na wapo wanaopenda tu. Koyoti ana pua, macho na masikio makali kuliko karibu kila mnyama anayewindwa huko, na anajifunza haraka. Kumleta mpaka mita 80 ni ustadi wa kweli. Mashindano ya kuua wengi ili kupata zawadi ni habari tofauti: California iliyapiga marufuku mwaka 2014, na baadaye Vermont, New Mexico, Arizona, Colorado, Washington na New York, miongoni mwa mengine, yakafuata. Wawindaji wengi makini hawakuyalilia.

Jinsi ya kuita

Kila kitu huanza na upepo. Koyoti anayeitikia sauti karibu daima huzunguka mpaka upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, ili anuse kabla hajafika. Ukikaa upepo ukikupiga mgongoni huku unatazama mbele, umemkabidhi harufu yako. Kaa upepo ukikatiza kutoka ubavu mmoja, weka spika ya kuitia mita 30 hadi 50 kutoka ulipo, upande unakotoka upepo, na hakikisha demani kuna uwanja wazi unaoweza kupiga risasi. Anapozunguka kuinusa spika atapita mbele ya bunduki kabla hajaifikia harufu yako. Wakiwa wawili, mwenye bunduki ya marisau ndiye hukaa upande huo.

Gari huachwa nyuma ya kilima, angalau mita 500. Mlango hausukumwi kwa kishindo. Usitembee juu ya mgongo wa kilima ambako umbo lako litaonekana angani. Pita chini yake. Theluji yenye ganda gumu hupiga kelele kila hatua, na asubuhi ya namna hiyo ni bora kuachia mbali zaidi na kwenda taratibu. Nguo nyeupe zinafaa pale ambapo theluji imeshika hata vichaka. Kichaka kikiwa kikavu cha kahawia, suruali nyeupe na koti la kahawia hukuficha vizuri zaidi. Kaa kivulini, jua likiwa nyuma yako, na mgongo ukiegemea kitu.

Anza kwa sauti ndogo, kwa sababu anaweza kuwa mita 100 tu na kelele ya ghafla itamtimua. Baada ya dakika moja au mbili, ongeza. Kwenye nyanda wazi subiri dakika 15 hadi 20. Kwenye misitu ya mashariki 30, maana huko anakuja polepole kwa kujificha. Akija mbio, bweka mara moja kwa mdomo; mara nyingi husimama sekunde mbili tatu, na hizo ndizo zako. Baada ya risasi usinyanyuke. Cheza sauti ya mtoto wa koyoti anayelia kwa dakika tano zaidi, kwani Februari mara nyingi walikuwa wawili. Kituo kinachofuata kiwe kilomita moja na nusu au zaidi.

Kosa linaloharibu maeneo mengi ni kurudi palepale kila wikiendi na sauti ileile. Koyoti aliyekoswa au aliyenusa mtu anaihusisha sauti hiyo na hatari, na hiyo sauti haitamleta tena. Acha wiki tatu, kisha uje kwa upepo mwingine na sauti nyingine.

Bunduki na baridi

Bunduki inayotumika zaidi ni ya .223 Remington (jina la aina ya risasi) yenye risasi ya gramu 3.5 hivi, ambayo hutoka mtutuni kwa karibu mita 980 kwa sekunde. Ya .22-250 ina kasi zaidi na hustahimili upepo vizuri kidogo, ila hurarua ngozi kwa karibu. Wengi huisawazisha darubini ya bunduki ili risasi ipige panapolengwa kwa mita 180. Bunduki ya marisau ina maana ndani ya mita 35 au 40 tu.

Baridi huharibu vifaa kwa njia zinazotabirika. Mafuta mazito ndani ya komeo, yaani kifungio cha nyuma ya mtutu, huganda, pini hupiga fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi) kwa nguvu ndogo, na risasi hailipuki. Futa yote kwa kiyeyushi na uache utando mwembamba sana au unga wa grafiti. Usiiingize bunduki baridi kwenye gari lenye joto na kuitoa tena: mvuke hutanda, kisha hugeuka barafu. Pumzi huganda kwenye kioo cha darubini, kwa hiyo pumua pembeni. Betri za spika zikae mfuko wa ndani. Kipenga cha kuitia kwa mdomo huganda kwa mate, nacho kivaliwe shingoni chini ya koti. Theluji ikiingia mtutuni unaweza kupasuka. Funika ncha kwa kipande chembamba cha utepe, kisha upige hivyohivyo bila kukiondoa. Mwili nao una kanuni yake: tembea ukihisi baridi kidogo, na uvae koti zito ukishafika, maana jasho la safari ndilo litakalokugandisha dakika ya kumi ya kukaa.

Ngozi na sheria

Mchune angali na joto, ukivaa glavu. Koyoti hubeba viroboto, minyoo inayoambukiza watu, wakati mwingine kichaa cha mbwa, na upele unaomvua manyoya. Huo upele madaktari wa mifugo wa Montana waliueneza kwa makusudi mwanzoni mwa karne ya 20 ili uwaue mbwa mwitu na koyoti. Kata kutoka kisigino kimoja cha nyuma hadi kingine, toa mfupa wa mkia, kisha vuta ngozi kuelekea kichwani kama unavua fulana. Osha damu kwa maji baridi. Itandaze kwenye kiunzi manyoya yakiwa ndani mpaka ngozi iwe inanata lakini bado inakunjika, halafu igeuze manyoya nje. Ukichelewa itakuwa ngumu na kupasuka unapoigeuza.

Kabla ya yote hayo, leseni, ruhusa ya mwenye ardhi, na sheria za jimbo kuhusu usiku, taa, darubini zinazoona joto la mwili na nguo ya rangi ya chungwa inayokufanya uonekane na wawindaji wengine. Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kumpiga mbwa mwitu. Huyo ana kilo 30 hadi 50, pua pana, masikio mafupi ya mviringo, na unyayo wa sentimita 11 hivi. Koyoti ana pua nyembamba, masikio marefu yenye ncha, na unyayo wa sentimita 6 au 7. Kwa mbali, theluji ikikudanganya ukubwa, tazama masikio na pua. North Carolina ni ngumu zaidi, kwani mbwa mwitu wekundu wanafanana mno na koyoti, na katika kaunti tano za mashariki ya jimbo hilo, Dare, Tyrrell, Hyde, Washington na Beaufort, uwindaji wa koyoti uliwekewa masharti ya pekee kwa ajili yao.